Unafungua kazi ya kuosha magari Kiogoro? Nunua bima inayolijua gari la mteja

Kisii ni nchi ya mvua na udongo mwekundu. Gari likishuka kutoka Nyamache au Kiamokama baada ya usiku wa mvua, huingia mjini likiwa na tope hadi kwenye vioo, na mwenyewe hataki kuonekana nalo kanisani, benki wala kwenye harusi. Ndiyo maana kijana wa Kiogoro akipata mtaji kidogo, wazo la mashine ya presha humjia mapema. Tangi la maji, mashine, mpira, sabuni, matambara na kiwanja kando ya barabara, kisha siku hiyo hiyo pesa zinaanza kuingia. Sina ubishi na hesabu hiyo. Lakini kuna gharama moja ambayo wengi husahau kuiandika wanapopiga hesabu ya mtaji, nayo ni ya siku ile mashine itakapoharibu mali ya mtu au kumjeruhi mtu.

Siku hiyo si ya kufikirika. Mashine nyingi za petroli zinazotumiwa kuoshea magari husukuma maji kwa nguvu inayokaribia bar 150 na kuendelea, ilhali bomba la kawaida la nyumbani lina bar chache tu. Maji ya nguvu hiyo yakielekezwa karibu mno hubandua rangi pale fundi alipoziba bodi kwa puti, huumiza ubavu wa tairi, na hupenyeza unyevu kwenye nyaya na kompyuta ya injini. Yakimpata mtu mkononi hupenya ngozi kama sindano: nje panaonekana kitundu kidogo tu, ndani maji machafu yamesambaa, na jeraha la namna hiyo linataka daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo, si dawa ya kupaka.

Sheria nayo haikuachi nje. Mteja akikukabidhi ufunguo, gari liko mikononi mwako, na likipatwa na jambo ni wewe utakayetakiwa kueleza kwamba ulilitunza inavyostahili. Mtu akiteleza kwenye kiwanja chako kilichojaa maji ya sabuni, Sura ya 34 ya sheria za Kenya inamtaka mwenye mahali kuwalinda ipasavyo wanaoingia humo. Kile kibao cha "unaegesha kwa hatari yako mwenyewe" hakikuokoi kama tahadhari iliyoandikwa haitoshi kumfanya mgeni awe salama. Wala mteja hahitaji tena kesi ya miaka mingi. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Injini ya gari la kawaida ikiharibika, dai lake linatosha kabisa ndani ya kiwango hicho.

Kwa hiyo bima inahitajika. Inayotajwa kwanza ni bima ya dhima kwa umma, yaani ile inayolipa pale ambapo mtu wa nje ameumia au mali yake imeharibika kwa sababu ya kazi yako. Wengi huingia ofisi ya wakala mjini Kisii na kuuliza bei yake, wakitajiwa iliyo chini kuliko nyingine wanalipa na kwenda kutundika cheti ukutani. Mimi ningeuliza jambo jingine kabla ya bei: gari la mteja likiharibika tukiliosha, mkataba huu utalilipa?

Mara nyingi jibu ni hapana, na wenye biashara hawajui mpaka siku ya dai. Mkataba wa kawaida wa dhima kwa umma huwa na sehemu ya mambo yasiyokingwa, na humo hukosi kukuta mali iliyo chini ya uangalizi au mamlaka ya mwenye bima. Mara nyingi pia hutolewa nje kile kitu chenyewe unachokifanyia kazi. Sasa hebu fikiria kazi yako. Gari lililo mbele yako, ufunguo mfukoni mwako, mpira mkononi mwa kijana wako: hiyo ndiyo mali iliyo chini ya uangalizi, na ndiyo inayofanyiwa kazi. Bima uliyonunua italipa akiteleza mama aliyekuwa akipita, au maji yakibomoa ua wa jirani. Probox iliyozimika baada ya kuoshwa injini ni shida yako peke yako.

Dawa ipo. Mwombe wakala aongeze kifungu kinachokinga mali ya wateja iliyo chini ya uangalizi wako, na akuandikie kwamba gari linalooshwa limo. Kampuni zinazohudumia gereji zinaijua nyongeza hii kwa sababu fundi wa magari ana tatizo lile lile. Ada itapanda kiasi, nami nasema ilipe, kwa kuwa bila hiyo umenunua kinga ya ajali adimu na kuiacha ile inayokukodolea macho kila siku. Angalia vilevile kikomo chake. Mkataba unaweza kuandika shilingi milioni moja kwa dhima yote, kisha mahali pengine, kwa herufi ndogo, ukaweka kiasi cha chini zaidi kwa magari ya wateja. Linganisha kiasi hicho na magari yanayofika kwako kwa kweli. Kama ni bodaboda, Probox na matatu za abiria 14, utahitaji kikomo fulani. Ukianza kupokea Prado za wakubwa wa kaunti au malori ya kubeba majani chai, kikomo hicho hakitoshi tena.

Kuna suala la kuendesha. Vijana wa kuosha hupenda kulisogeza gari wenyewe, kulitoa kwenye foleni na kulirudisha. Bima ya dhima kwa umma kwa kawaida haigusi ajali ya gari linaloendeshwa, hiyo ikiwa kazi ya bima ya magari chini ya Sura ya 405. Kijana asiye na leseni akimgonga mtu kwa gari la mteja, kampuni iliyolikatia gari bima ina sababu ya kugomea dai, na mzozo wote unarudi kiwanjani kwako. Njia isiyo na gharama ni kuweka amri moja: mteja asogeze gari lake mwenyewe, au alisogeze mtu mmoja mwenye leseni aliyetajwa kwa jina na kuruhusiwa na mteja. Mwambie wakala kwamba amri hiyo ipo, maana ni jambo linaloweza kumsaidia kukuombea bei nzuri.

Wapo ambao hawana kiwanja. Hupakia mashine na tangi kwenye tuktuk wakaenda kuosha magari majumbani, kabro za hoteli, kuta za kanisa, paa za shule na matangi ya maji. Hiyo ni kazi nzuri na wateja wake hulipa vizuri, ila mkataba ulioandikwa kwa anwani ya kiwanja cha Kiogoro pekee hautakufuata hadi Keroka au Nyamira. Taka iandikwe kwamba kinga inakwenda popote unapofanyia kazi nchini Kenya. Na kama unapanda juu ya paa, sema. Kazi ya mahali pa juu huongeza ada, na kampuni nyingine huikataa kabisa. Ukiificha ukaja kudai, dai litakataliwa, kwa kuwa mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli wa anayeomba. Ninawashauri wanaoanza wasiguse paa katika mwaka wa kwanza. Pesa zake ni tamu lakini hatari yake inaibebesha bima yote mzigo.

Vijana unaowaajiri hawamo kwenye bima ya dhima kwa umma. Wana sheria yao, ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007, inayojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, WIBA. Mahakama ya Juu iliidhinisha sheria hiyo Desemba 2019, na inamtaka kila mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Hapa mfanyakazi hahitaji kuthibitisha kwamba ulikosea, maana ameumia kazini na hilo linatosha. Akifa au akipata ulemavu wa kudumu usiomruhusu kufanya kazi tena, fidia ni mapato ya miezi 96. Piga hesabu kwa kijana unayemlipa shilingi 600 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Ni shilingi 15,600 kwa mwezi, na kwa miezi 96 ni shilingi 1,497,600. Sijui mwenye mashine mpya wa Kiogoro anayeweza kuzitoa hizo bila kuuza shamba. Ada ya WIBA hukokotolewa kwa asilimia ya mishahara ya mwaka, kwa hiyo mwenye vijana wawili halipi sawa na mwenye kumi.

Usichanganye WIBA na SHA. Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na michango yake humsaidia mfanyakazi kutibiwa. Haimlipi fidia ya kidole kilichokatika, wala haikuondolei wewe wajibu wa mwajiri. Na wale vijana wasio na mshahara, wanaogawana nawe pesa ya kila gari? Waandikishe vilevile. Siku ya jeraha watadai kwamba walikuwa wafanyakazi wako, na ukitazama ni nani aliyewapangia saa, mashine na bei, utaona kwamba wana hoja.

Sasa bei. Wakala akikuuliza maswali mengi usiudhike, maana ndiyo yanayotengeneza ada: mapato unayotarajia kwa mwaka, idadi ya wafanyakazi, kikomo cha fidia, aina ya kazi, na kama umewahi kudaiwa. Juu ya ada yenyewe huongezwa tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2, mchango wa hazina ya kufidia wenye bima wa asilimia 0.25, na ushuru wa stempu wa shilingi 40. Kwa ada ya shilingi 10,000, hizo ni shilingi 20, 25 na 40, jumla 10,085. Ukiona karatasi yako ina mia tano za "usajili" au elfu moja ya "faili", uliza zinakwenda wapi.

Njia ya kwanza ya kupunguza gharama ni kuomba kifurushi cha biashara ndogo badala ya kununua kimoja kimoja. Kampuni kadhaa huunganisha moto, wizi, dhima kwa umma na WIBA katika mkataba mmoja, na jumla yake kwa kawaida huwa chini. Mashine yenyewe huibwa mno, kwa hiyo kipengele cha wizi kitakufaa, ila soma masharti ya mahali inapolazwa usiku.

Njia ninayoiamini zaidi ni ya eksesi, ile sehemu ya kwanza ya hasara unayokubali kuibeba mwenyewe. Kadiri unavyobeba zaidi ndivyo ada inavyoshuka. Hasara nyingi za kazi hii ni ndogo: kioo cha pembeni, waipa, redio iliyoingia maji, mkwaruzo wa bampa. Kuzidai hizo kila mara kutakuharibia sifa kwa kampuni na kupandisha ada ya mwaka ujao. Afadhali utenge kitu kidogo kwa kila gari unaloosha, ukiweke kwenye akaunti ya peke yake katika sako, hasara ndogo uzimalize hapo hapo na mteja aondoke ameridhika. Bima ibaki kwa zile zinazoweza kufunga biashara. Lakini usikubali eksesi ambayo huwezi kuitoa kesho asubuhi. Wakala akikuwekea eksesi ya shilingi 50,000 ili ada ionekane ndogo, na wewe huna 50,000, bima hiyo ni mapambo.

Kisha kuna nguvu ya wengi. Abagusii wana desturi ya risaga, majirani kukusanyika kwenye shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Waosha magari wa Kiogoro, Keumbu na mjini Kisii wakijiandikisha kama kikundi na kwenda kwa kampuni pamoja, wakiwa na fomu moja ya kazi, amri moja ya usalama na orodha ya wanachama, wanazungumza bei kwa sauti tofauti na ya mtu mmoja aliyesimama kaunta. Bima kupitia vyama vya ushirika si jambo geni nchini: kampuni ya bima ya CIC yenyewe ilizaliwa ndani ya vuguvugu la ushirika, na ilianza mwaka 1968 kama wakala wa bima wa vyama hivyo. Kama wewe ni mwanachama wa sako, waulize kwanza wao. Na tangu 2020 Kenya ina kanuni za bima ndogo zilizotungwa kwa watu wa kipato cha chini, hivyo muulize wakala kama kampuni yake ina mpango wa aina hiyo kwa biashara.

Kulipa kwa awamu kunawezekana kupitia benki inayokukopesha ada, lakini kuna riba. Lipa mara moja ukiweza. Usikubali neno la "anza tu, utalipa mwisho wa mwezi": kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima hakiruhusu kampuni kubeba hatari kabla ya ada kulipwa. Cheti kilichotolewa kwa ahadi ya mdomo hakitakusaidia. Lipa kwa nambari ya M-Pesa ya kampuni yenyewe, si simu ya wakala, na utunze ujumbe wa risiti. Mawakala, madalali na kampuni hupewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, na leseni hizo huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo cheti cha miaka miwili iliyopita hakithibitishi chochote. Kumbuka pia kwamba wakala anafanya kazi kwa niaba ya kampuni, ilhali dalali anapaswa kukutafutia wewe kwenye kampuni nyingi. Kwa biashara yenye nyongeza kama hii ya magari ya wateja, dalali mwenye bidii ana manufaa.

Na kampuni nazo huanguka. Blue Shield iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2011, Resolution mwaka 2022, na wateja wakabaki na madai mikononi. Hazina ya kuwafidia wenye bima ina kikomo chake, shilingi 250,000 kwa dai, kiasi kisichofika mbali mtu akiwa amelazwa. Ada iliyo nusu ya zile za wengine wote ni sababu ya kuuliza, si ya kushangilia.

Kinachoshusha ada kuliko maneno ni jinsi unavyofanya kazi. Chukua mfano wa Probox inayofika saa mbili na robo asubuhi. Kabla maji hayajafunguliwa, kijana anaizunguka na simu: picha ya mbele, ubavuni, nyuma, kioo cha kushoto chenye ufa, bampa iliyokwaruzwa. Anaiwasha injini na kupiga picha ya dashibodi, kama taa ya injini inawaka ionekane ilikuwa ikiwaka tangu mwanzo. Anaandika kwenye daftari nambari ya gari, saa, anachotaka mteja, na kama ameomba injini ioshwe mteja anatia sahihi mahali pake. Dakika tatu tu. Siku ya ugomvi, daftari hilo na picha hizo zitamaliza maneno mengi, na siku ya kuomba bima zitamwonyesha wakala kwamba anazungumza na mtu anayejua kazi yake. Ongeza viatu vya mpira, miwani, na nyaya za umeme zilizoinuliwa juu ya maji ikiwa mashine ni ya stima.

Maji ya sabuni na oili yana habari yake. Kanuni za ubora wa maji zinakataza kuchafua mito, na mamlaka ya mazingira, NEMA, ina uwezo wa kukufungia. Uchafuzi unaoingia polepole mtoni karibu kila mkataba wa dhima huutoa nje. Chimba shimo la kunasa oili, uwe mbali na kijito, na ukate kibali cha biashara cha kaunti kabla ya kuomba bima, kwa sababu fomu ya maombi itakuuliza.

Ajali ikitokea, hapa ndipo watu wazuri hujiponza. Kwetu mtu akiumia, familia huja, wazee hukaa, na mwenye kosa hutamka kiasi mbele ya watu ili amani irudi. Ni desturi yenye utu, ila mkataba wa bima hukukataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na ukishatamka kampuni inaweza kujitoa. Mpeleke majeruhi hospitalini, kaa naye, toa pole, nunua dawa. Kuhusu fidia sema kwamba una bima na umeiarifu, kisha uiarifu kweli siku hiyo hiyo kwa maandishi. Kama aliyeumia ni mfanyakazi wako, kuna pia taarifa ya kupeleka kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku saba. Kampuni ikikugomea bila sababu unayoielewa, peleka malalamiko IRA kabla hujakata tamaa.

Basi wiki hii, kabla ya kununua mashine, panda matatu uende mjini Kisii na nakala ya kitambulisho, kibali cha kaunti, orodha ya vijana na malipo yao, makadirio ya mapato ya mwaka, na picha za kiwanja. Ingia ofisi tatu, usiishie moja. Katika kila moja taka kwotesheni iliyoandikwa yenye kikomo, eksesi na mambo yasiyokingwa, na swali lako la kwanza liwe kama gari la mteja limo. Wakala asiyekubali kukujibu hilo kwa maandishi, mshukuru, kisha nenda kwa mwingine.